Anayeita Naye Ashike Kamba

Pujini, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15. Ukifika leo utaona tuta la udongo, vipande vya kuta za mawe ya matumbawe, kisima kilichogawanywa kwa ukuta, na ngazi inayoshuka kwenye chumba cha chini ya ardhi. Wataalamu wa mambo ya kale wanaihesabu miongoni mwa ngome chache mno za pwani yetu zilizojengwa kabla ya Wareno kuingia. Watu wa Pemba hawaijui kwa karne yake. Wanaijua kwa jina la mwenyewe, Mkama Ndume, mtu aliyewakama wanaume kama anavyokamwa ng'ombe. Masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe ya ukuta huku wakijisogeza chini kwa makalio, na hakuna aliyeruhusiwa kusimama.

Huenda masimulizi yametia chumvi, kama yafanyavyo yote yaliyopita katika midomo ya vizazi vingi. Hata hivyo nayachukulia kwa uzito, kwa sababu yanatuambia kisiwa kimeamua kukumbuka nini. Mtu huyu aliweza kukusanya mawe, chokaa, maji, chakula na mikono ya watu mahali pamoja kwa kazi moja. Si jambo dogo. Wapo viongozi wa leo wenye ofisi na gari ambao linawashinda. Kisiwa kilimpa ukuta wake, kisha kikamnyima kila kitu kingine. Hakuna mzee anayemtaja kwa ufundi wa waashi wake wala kwa biashara aliyoilinda. Anatajwa kwa namna alivyozipata nguvu za watu.

Kila jamii hufikiwa na jambo ambalo ni kubwa kuliko mfuko wa mtu mmoja na zito kuliko mabega ya nyumba moja. Kuna kisima cha kuchimba, maiti ya kusafirisha, banda la skuli la kusimamisha, chombo cha kuingiza majini. Hapo lazima atokee mtu aite. Tumezoea kupima wito kwa kilichopatikana: shilingi ngapi, mifuko mingapi ya saruji, watu wangapi walikuja. Mimi naona kipimo hicho kinamtosha Mkama Ndume. Kwa kipimo hicho yeye alifaulu.

Wala hakuwa wa mwisho. Mikarafuu iliyoipa Pemba jina duniani ilianza kupandwa na kuchumwa, kwa sehemu kubwa, kwa mikono ya watumwa katika karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, kisiwa hiki kikawa ndicho ghala la karafuu, na haja ya mikono ikazidi. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, mwenye shamba alijikuta, pengine kwa mara ya kwanza katika umri wake, analazimika kumwomba mtu aje kumchumia na kupatana naye malipo. Na miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1964 wazee wengi wa Pemba wanaiita siku za bakora, kwa sababu watu walipigwa hadharani na kupelekwa kazini kwa amri. Naitaja kwa uchungu, si kwa kufukua makaburi. Anayetaka kufahamu kwa nini baadhi ya mikutano ya hadhara kisiwani huhudhuriwa na watu wanaokaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, aanze hapo. Kimya kile kina historia yake.

Sasa mtazame Mpemba huyo huyo pwani, siku ya kushua chombo.

Jahazi au dau likishamalizwa kuundwa huwa limekaa mchangani juu ya magogo, zito, halina pa kushikwa na mtu mmoja. Fundi amekwishalikalafati. Magogo yamepakwa sifa, yale mafuta ya samaki yenye harufu kali isiyotoka nguoni, ili mbao ziteleze. Kamba nene zimefungwa mbele na ubavuni. Habari imekwisha kwenda tangu usiku kwamba kesho maji yakijaa chombo kitashuliwa, na maji yanapojaa watu wamekwisha fika: wavuvi, wakulima, watoto waliotoka chuoni, wapita njia. Mmoja mwenye sauti anatoa wimbo, wengine wanapokea, na mvuto unakuja katika pigo la kupokea. Bila wimbo kila mtu angevuta kwa wakati wake na chombo kisingesogea hata shubiri. Kinasogea kidogo, kinasita, magogo ya nyuma yanakimbizwa mbele, wimbo unaanza tena.

Mwangalie mwenye chombo. Amevua viatu, amekaza kikoi, ameshika kamba mahali ambapo maji na matope vinamrukia. Hajasimama pembeni kuhesabu waliokuja. Kule nyuma kuna masufuria ya wali na nyama ambayo ameyagharamia yeye, na kila aliyeshika kamba atakula, hata mgeni asiyejulikana kwao. Kesho mwenziwe akishua, yeye atakuwa miongoni mwa watakaovuta. Hakuna daftari la jambo hili. Lipo katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hizo ni kali.

Naamini hapo ndipo sharti la kwanza lilipo. Mpemba huitika wito akimwona anayeita ameshika kamba. Akimwona amekaa kivulini na kipaza sauti, ataitika kwa adabu, atasema inshallah, na hatakuja.

Uwezo huu wa kuitika haraka unaonekana zaidi msimu wa karafuu. Mavuno yanapokuwa mazuri, ukitoka Mkoani kwenda Chake Chake, Wete hadi Konde, utapita katikati ya majamvi yaliyoanikwa barazani, viwanjani, hata pembeni mwa lami, na harufu inaingia ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa. Mchana vijana wako juu ya miti na fimbo za ngoe, wanavuta matawi, wanajaza vikapu, na hulipwa kwa pishi. Jioni vikapu vinamwagwa sebuleni na wanawake na watoto wanakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo huku, mpaka macho yanauma. Hata makonyo hayatupwi. Yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Baada ya hapo kuna siku kadhaa za jua, na ndani ya siku hizo mali yote ya nyumba, pengine ada, mahari na bati za paa, iko wazi chini ya mbingu.

Wingu likitanda, mtu mmoja hupiga ukelele, na mtaa mzima hutoka. Mama aliyekuwa jikoni anaacha sufuria. Mwalimu anayepita na baiskeli anaitupa ukingoni. Wanashika majamvi kwa ncha, wanayakunja kuelekea katikati, wanasomba vipolo ndani, na hakuna anayeuliza jamvi hili la nani. Wapo waliogombana asubuhi ile ile kwa mpaka wa shamba, nao wamekamata jamvi moja, huyu ncha hii, yule ncha ile. Mvua ikishapita kila mtu anarudi kwenye shughuli yake, na ugomvi wa mpaka unaendelea pale ulipoishia.

Nalipenda jambo hili, na pia linanifikirisha. Dharura hutuondolea maswali. Hakuna wa kushuku kwamba mvua ina maslahi yake, wala hakuna muda wa kuiba. Kila mtu anaona kinachookolewa, kwa nini kinaokolewa, na kimewekwa wapi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kubeba abiria 600 hivi. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba ilikuwa na watu zaidi ya 2,400. Waliokufa na waliopotea walizidi 1,500. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, na wengi wa waliopanda walikuwa wanarudi kwao. Kulipopambazuka, wavuvi wa Nungwi na wenye boti za kupeleka watalii walikuwa baharini wakiwatoa watu waliokuwa wameshikilia magodoro na chochote kilichoelea. Ufukweni watu walileta mashuka, kanga, chai. Pemba hakukuwa na aliyeweza kusema msiba huu ni wa jirani. Makaburi yalichimbwa, hitma zikasomwa, ubani ukatolewa, na waliokuwa na kidogo walikigawa mara mbili.

Baada ya mwaka, walikuwapo watoto wa marehemu waliohitaji sare za skuli, na wajane waliohitaji mtaji. Hapa nataka niseme wazi ninachoamini, ingawa hakifurahishi. Sisi ni hodari wa siku ya kwanza. Siku ya arubaini bado tupo. Ikitimia miezi kumi wengi wetu tumekwishatawanyika, si kwa ukosefu wa huruma, bali kwa sababu huruma ya dharura haina mahali pa kukaa. Inahitaji chombo cha kuihifadhi, na chombo hicho ndicho kigumu kukiunda.

Wanawake wa pwani wamekiunda. Katika vijiji vya kulima mwani, kutoka Tumbe hadi Kiuyu na kwingineko, kuna vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo mtu hawezi kuvielewa kwa kusoma taarifa zake. Utaratibu wenyewe ulianzia mbali: shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991, ukasambaa katika nchi nyingi za Afrika, ukafika Zanzibar. Lakini uliotua Pemba ulikuta watu waliokwisha kucheza upatu tangu kwa bibi zao, na ukaota kama mbegu iliyoangukia shamba lililokwishalimwa.

Wanakutana kwa ratiba, mara nyingi chini ya mti au barazani, siku ambazo maji hayatoki kiasi cha kwenda kwenye mwani. Wanakaa nusu duara, kila mmoja kwa namba yake. Katikati kinawekwa kisanduku chenye kufuli tatu. Anayekitunza nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Funguo ziko kwa wanachama watatu wengine, wanaokaa nyumba mbalimbali, na asipofika mmoja sanduku halifunguliwi. Wakishafika wote watatu, kufuli zinatolewa mbele ya macho ya watu. Kila mtu anaitwa kwa namba, anakuja na fedha yake mkononi, inahesabiwa kwa sauti, na kitabu chake kinagongwa muhuri kwa idadi ya hisa alizonunua. Kuna fedha ya hisa na kuna mfuko wa jamii, wa mgonjwa na mfiwa, navyo havichanganywi. Aliyechelewa analipa faini, awe mwenyekiti au awe nani. Vipo vikundi vilivyoamua kukopeshana bila nyongeza yoyote kwa kuikimbia riba, na vimejipangia njia nyingine za kukuza mfuko.

Kabla sanduku halijafungwa, salio linatajwa kwa sauti na watu wote wanatakiwa walikariri. Mkutano ujao, kabla ya kufungua, wanaulizwa: salio letu lilikuwa kiasi gani? Wanajibu kwa pamoja. Nimewahi kukaa pembeni ya duara la namna hiyo na kuwasikia kina mama wakilitaja salio hadi shilingi mia za mwisho, na miongoni mwao wapo ambao kitabu chao wanakitambua kwa rangi ya jalada tu. Ndipo wanafungua na kuhesabu. Vikilingana, mkutano unaendelea. Visipolingana, hakuna ajenda nyingine siku hiyo.

Haya yanafanywa na watu ambao kilo yao ya mwani mkavu kwa miaka mingi imeuzwa chini ya shilingi elfu moja. Hakuna aliyewaletea mtaji. Walichanga kutoka katika udogo, na kwa mwaka mmoja wakapata cha kununulia mbao, cherehani, mbuzi. Mzunguko ukiisha wanagawana kila mtu chake, kisha wanaanza upya, na hapo ndipo anayetaka kutoka hutoka bila ugomvi. Hilo la kuanza upya nalithamini sana. Kila mwaka kikundi kinajiuliza kama bado kinaaminiana.

Linganisha na Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, ile iliyojulikana kwa herufi CGA, iliyoundwa mwaka 1927. Kwa jina ilikuwa ya wakulima. Kwa vitendo maofisa wa serikali ya kikoloni ndio walioishika, na sheria za miaka ya 1930 zikaipa mamlaka ya kuwa mnunuzi wa pekee wa karafuu kwa ajili ya kusafirishwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar wakagoma, chama cha Congress cha India kikawaunga mkono, na mwaka 1937 hadi 1938 India ikasusia karafuu za Zanzibar. Ulikuwa mpango mkubwa wa kukusanya nguvu kuvuka bahari, na mwishowe ukawalazimisha wakoloni kukaa mezani. Katika mvutano wote huo mkulima mdogo wa Pemba, ambaye chama kilikuwa na jina lake na vipolo vilikuwa vyake, hakushika ufunguo wa upande wowote. Aliitwa mwanachama. Hakuulizwa salio.

Jambo hili lilijirudia kwa sura nyingine. Kwa miongo mingi baada ya Mapinduzi, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lilikuwa mnunuzi pekee, na bei ya mkulima ilikuwa chini kiasi kwamba karafuu zilikuwa zikivushwa usiku kwenda Kenya. Doria ziliongezwa, watu wakakamatwa, hotuba za uzalendo zikatolewa, na vyombo viliendelea kuvuka. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha bei kwa kiwango kikubwa na kuweka sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kwa miaka kadhaa kilo ya daraja la kwanza ikanunuliwa shilingi 14,000. Karafuu zikaja vituoni kwa mguu wao. Wapo wanaosema huo ni uthibitisho kwamba mtu hufuata fedha tu. Mimi sioni hivyo. Mkulima yule yule aliyekuwa tayari kuhatarisha maisha yake usiku baharini ili asiuze kwa bei ya kunyonywa ndiye anayetoa karafuu zake bure kwa ukarabati wa msikiti. Alichokikataa ni kukamwa.

Na hapa kuna mvutano ambao waumini wanaujua vizuri. Tumefundishwa sadaka ya siri. Kurani, katika Suratul Baqara, inaikubali sadaka ya dhahiri na kuipa ubora zaidi ile ya kuficha inayomfikia fakiri. Mtu anayetoa kisha akajitangaza amejipunguzia mwenyewe. Sasa ingia katika kundi la WhatsApp la watu wa kijiji kimoja, ambao wengine wako Kariakoo, wengine Mombasa, wengine Maskati na London. Amefariki mtu Dar es Salaam na maiti inatakiwa ifike kwao kabla ya kesho. Orodha inaanza: jina, kiasi, jina, kiasi. Kila anayetuma kwa simu anainakili orodha, anaongeza jina lake, anairudisha. Ndani ya saa chache nauli imepatikana, na sanda, na boti.

Orodha hiyo inaokoa, na inaumiza. Yule wa shilingi laki moja na yule wa elfu mbili wamewekwa mstari mmoja, watu wote wanasoma. Asiye na kitu ananyamaza, na ukimya wake nao unasomwa. Nimeona makundi mengine yakitafuta njia: mweka hazina anatangaza jumla iliyoingia na jumla iliyotoka, risiti zinapigwa picha na kuwekwa, lakini majina hayatajwi. Naona hiyo ni busara ya hali ya juu. Kinachotakiwa kuonekana ni njia ya fedha, tangu ilipoingia hadi ilipotumika. Mkono uliotoa unaweza kubaki kati ya mtu na Mola wake.

Ndugu zetu wa Kenya walilipitia hili kwa ukubwa wa taifa. Mzee Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa mwito wa uhuru mwaka 1963, na kwa michango hiyo watu walijenga skuli na zahanati nyingi ambazo serikali isingeweza kuzimudu peke yake. Baadaye jukwaa la harambee likawa mahali pa wanasiasa kuonyeshana mabunda ya noti, na mchango wa hiari ukageuka kuwa makato yasiyokatalika. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ikalazimika kuwawekea mipaka wenye vyeo katika kuchangisha. Watu hawakuwa wamechoka kusaidiana. Walichoka kutumiwa na mtu aliyekuja kuchukua sifa ya jasho lao.

Kwetu Pemba hatari inakuja kwa sura ya upole zaidi. Inakuja kwa maneno mazuri: kwa nguvu za wananchi. Skuli inahitaji madarasa. Wananchi wanaambiwa waanze, Serikali au mfadhili atamalizia. Wanachimba msingi, wanasomba mawe na mchanga, wanawake wanabeba maji kichwani, wanafyatua matofali, wanachangishana saruji, na jengo linapanda hadi linta. Hapo kazi ya wananchi imekwisha na kazi ya aliyeahidi inatakiwa ianze. Mara nyingi huanza, nashukuru, na skuli nyingi tulizosomea zimezaliwa hivyo. Lakini zipo kuta zinazokaa mvua mbili, tatu, nne bila paa, plasta haijapigwa, majani yanaota ndani ya darasa. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuchimba msingi ameanza skuli chini ya mwembe, mita chache kutoka katika ukuta ambao mama yake aliubebea maji.

Wakiitwa tena kuanza jengo jingine, watu hao husemwa kuwa wamekuwa wavivu na kwamba moyo wa zamani umepotea. Nalipinga neno hilo kila ninapolisikia. Watu wale hawajapoteza moyo. Wameweka hesabu. Wanalikumbuka salio la mwisho, na wanasubiri mwenye ahadi alitaje.

Kitu kizito kuliko fedha iliyopotea ni imani ambayo wito usiotimizwa huila. Kamba ikikatika siku ya kushua, mwakani watu watavuta kwa tahadhari, na chombo kinachovutwa kwa tahadhari hakisogei. Ndiyo maana nasikitika ninapoona mfuko wa kijiji unafunguliwa benki kwa saini za watu watatu, na wote watatu ni wa nyumba moja au wa chama kimoja. Nasikitika pia juu ya minazi ya wakfu. Karibu kila kijiji kuna minazi au mikarafuu ambayo mtu wa zamani aliiweka wakfu kwa ajili ya msikiti, mapato yake yanunue mikeka na kutengeneza kisima cha kutawadhia. Kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo Zanzibar, lakini mti wa wakfu ulioko bondeni unahitaji kwanza watu wa pale pale wanaojua ulitoa nazi ngapi mwezi huu na fedha yake imelala wapi. Mzee aliyeupanda alitoa kwa watu ambao hajawaona na hatawaona. Wao ndio macho aliyoyategemea.

Kwa hiyo mtu wa mradi anaposhuka bandarini Mkoani na makaratasi yake, au kiongozi anapoandaa mkutano wa kuhamasisha wananchi, ningemwomba awe na subira ya siku moja kabla hajakamata kipaza sauti. Aende kwenye kikundi cha wakulima wa mwani, akae mchangani pembeni ya duara, asikilize salio likitajwa, aone kufuli zikifunguliwa moja baada ya moja. Kisha arudi kwa sheha na wazee, aweke mezani kwanza kile anachotoa yeye, kwa tarehe na kiasi, na waulizane ufunguo wa tatu utakaa kwa nani. Akitajwa mama fulani wa pwani asiyejua kusoma, asiombe abadilishwe. Ampe.